Kutoa pikipiki mpya uchukue ya zamani: pima hivi kabla hujakabidhi funguo

Ofa ya namna hii inazunguka sana vijiweni Arusha na Moshi. Una Boxer au TVS ya miaka miwili, inawaka kwa stata, injini haijawahi kufunguliwa. Anakuja mtu na Honda XL 125 au Yamaha DT iliyotoka kwenye mradi, anasifia chuma cha Mjapani, anataka mbadilishane na akuongezee laki tatu juu. Inaweza kuwa biashara nzuri kweli. Inaweza pia kukulaza gereji mwezi mzima huku mwenzako akipiga kazi na pikipiki yako. Kuijua tofauti kunataka nusu siku ya kupima, multimita, rula ya chuma, tochi, sahani nyeupe na lita moja ya oili mpya.

Kumbuka unachokitoa. Pikipiki yako unaijua: lini ilimwagwa oili, nani aliigusa, ilianguka wapi. Ya mwenzako ina miaka 15 au 20 ya mambo usiyoyajua, na kazi yote iliyoelezwa hapa chini ni ya kuyafukua hayo kabla hujasaini.

Kwanza, hakikisha ni yako kutoa

Kama uliichukua kwa mkataba na bado unapeleka hesabu ya wiki, hiyo pikipiki haijawa yako. Kadi ya usajili ipo kwa jina la mwenye mali au kampuni ya mkopo, na kuibadilisha ni kuuza mali ya mtu. Maliza deni, kadi ihamie jina lako, ndipo uzungumze. Usikubali ushauri wa "tubadilishane tu, utaendelea kulipa polepole". Hapo ndipo watu hufikishana polisi.

Hesabu mauzo mawili

Kubadilishana kunaficha bei. Mwenzako akisema "tubadilishane, nakuongezea laki tatu," hujui ameiwekea yako bei gani na yake bei gani. Zitenganishe. Peleka pikipiki yako kwa wanunuzi watatu tofauti, wenye kijiwe cha kuuza na kununua, uwaulize wangetoa kiasi gani leo, pesa taslimu. Chukua bei ya katikati. Kisha ulizia pikipiki aina ya ile ya mwenzako inauzwa ngapi ikiwa katika hali kama ile, nayo kwa taslimu. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo nyongeza unayostahili kabla ya matengenezo. Dalali akiwepo katikati, mwulize mapema kamisheni yake inatoka kwa nani, maana mara nyingi inakatwa pande zote mbili bila kutajwa.

Kazi yako inataka pikipiki gani?

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanapima injini vizuri, wanasahau kupima kazi.

Kama unabeba abiria mjini, kilomita 100 kwa siku, anza na mafuta. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Boxer inayokwenda kilomita 50 kwa lita inakula lita 2, yaani shilingi 6,000. DT 125 ni tu-stroki, inaunguza oili pamoja na petroli, na ikienda kilomita 28 kwa lita utatumia kama shilingi 10,700, oili yake ukiwa hujaihesabu. Tofauti ni shilingi 4,700 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya 122,000 kwa mwezi. Ile laki tatu ya nyongeza inaisha kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Weka bei ya petroli ya mwezi huo, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huitangaza kila mwezi, lakini sura ya hesabu haibadiliki.

Kuna kiti. XL na DT ziko juu. Mama mwenye kitenge na mtoto mgongoni anayetoka soko la Kilombero atachagua pikipiki ya jirani yako iliyo chini. Kuna tairi pia: Boxer inatumia rimu ya inchi 17 mbele na nyuma, na tairi zake zipo kila duka. XL 125S na DT 125 zina 21 mbele na 18 nyuma. Zinapatikana, ila usitegemee kuipata ya 21 saa mbili usiku ukiwa Mbauda.

Kwa upande wa pili, kama kazi yako ni shamba, mifugo au kufuatilia miradi huko Longido, Simanjiro au njia za juu za Kibosho mvua za masika zikianza, hesabu inageuka. Gurudumu la mbele la 21 linapita juu ya mawe na makorongo ambako la 17 linazama. Shokapu zina mwendo mrefu, injini iko mbali na ardhi. Ukiwa unatembea kilomita 100 kwa wiki, mafuta hayatakuumiza. Yamaha AG 100 nayo ni ya kufikiria: cheni yake imefunikwa yote, kwa hiyo vumbi halili spoketi upesi.

Halafu spea, na hili lina siri yake. Honda CG 125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, ndiyo mama wa injini nyingi za Mchina zilizojaa mitaani. Haina cheni ya taimingi. Kamshafti iko chini na inasukuma valvu kwa vijiti. Kwa sababu hiyo CG ya zamani ni pikipiki rahisi kuishi nayo: spea nyingi za Mchina zinaingia, na fundi yeyote anaifahamu. Angalia pistoni tu. CG 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, wakati Mchina wa 150 ana 62. Mwendo wa pistoni ni ule ule 49.5, kwa hiyo fundi asiye makini anaweza kukuuzia seti ya bloku isiyo yako. XL, DT na Suzuki TF hazina bahati hiyo. Kabla ya kukubali, nenda Unga Limited au maduka ya katikati ya Moshi, uliza vitu vitano kwa majina: seti ya pistoni na ringi, sahani za klachi, CDI (kiboksi kinachoamuru plagi ipige cheche), waya wa klachi, tairi ya mbele. Ukikosa vitatu kati ya vitano, nyongeza ya laki tatu haitoshi.

Karatasi kabla ya spana

Usishike hata spana moja kabla hujaona kadi halisi. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na namba ya injini kwenye krenkikesi, yaani kesi ya chini ya injini. Zifute mafuta kwa kitambaa chenye petroli, mulika tochi kwa pembeni ili kivuli kiingie kwenye herufi. Herufi zinatakiwa kukaa mstari mmoja na kina kimoja. Ukiona chuma kimesagwa pale, au rangi mpya ipo sehemu hiyo tu, ondoka.

Pikipiki za miradi zina mtego wake. Kama iliwahi kuwa na namba za DFP (mradi wa wafadhili), STK (serikali) au SU (shirika la umma), au iliingizwa kwa msamaha wa kodi, haihami kwenda kwa mtu asiye na msamaha mpaka kodi ilipwe. Dai hati ya mnada au barua ya taasisi ya kuuza, pamoja na uthibitisho kwamba kodi imemalizwa. Kauli ya "kadi bado ina jina la mradi lakini haina shida" ina shida. Na kwa kuwa tuko kati ya Namanga na Holili, pikipiki yenye namba inayoanza na KM imesajiliwa Kenya. Haijalipiwa ushuru hapa, kwa hiyo usiibadilishe na mali yako halali, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Angalia pia faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani na bima kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, zote kwa namba ya usajili. Dakika mbili kwa simu.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Panga kuiona asubuhi na umwambie asiiwashe wala asiioshe. Ukifika, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, kuna kinachofichwa, rudi kesho. Pikipiki iliyooshwa imefutiwa ushahidi wa kuvuja.

Anza na oili. Mwambie mwenyewe kwamba umekuja na lita moja mpya na unataka iliyomo itolewe mbele yako. Mwenye pikipiki nzima hatakataa kupewa oili ya bure. Acha kiasi kidogo kitiririke kwenye sahani nyeupe, usogeze juani, kisha uizungushe taratibu. Weusi ni kawaida. Ukungu wa kijivu unaong'aa kidogo, unaoonekana tu ukiuinamisha, ni usagikaji wa kawaida wa klachi na gia. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni habari nyingine: vyeupe vyepesi visivyonata kwenye sumaku ni aluminiamu ya pistoni au kesi, vinavyonata ni beringi au meno ya gia. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia. Ikitoka nzito kama asali, umewekewa oili ya gia ili kelele za krenki zinyamaze. Ndiyo maana unaijaza hiyo mpya ya kwako kabla ya kusikiliza injini. (Kwa tu-stroki, hii ni oili ya giaboksi tu, ya injini ina tangi lake, na tutaifikia.)

Sasa fungua kifuniko cha chujio la hewa. Ingiza kidole kwenye mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kabureta, upande ambao hewa imeshachujwa. Kidole kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikinywa vumbi. Udongo wetu wa Meru ni wa volkano, laini kama unga, na njia za Oldonyo Sambu na Monduli wakati wa kiangazi zinatimua vumbi mpaka msionane. Vumbi hilo likichanganyika na oili linakuwa msasa wa kula ringi na bloku. Kati ya vipimo vyote vya bure, hiki ndicho kinachosema zaidi namna pikipiki ilivyotunzwa.

Toa plagi. Masizi meusi makavu ni mafuta kuzidi hewa, na kwa pikipiki iliyotoka Dar es Salaam au Tanga siyo ugonjwa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa pwani inamwaga mafuta mengi. Safisha chujio, pandisha klipu ya sindano tundu moja, itatulia. Weusi wa kung'aa wenye unyevu wa oili kwenye injini ya kawaida, isiyo tu-stroki, ni ringi au mipira ya valvu.

Piga kiki kwa mkono, polepole, plagi ikiwa imerudishwa. Lazima ikatae kwa nguvu. Kama una geji ya kompresheni, pima mara mbili: kavu, halafu ukiweka kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi. Kipimo kikipanda sana baada ya oili, ringi na bloku vimekwisha. Kisipopanda na bado kiko chini, valvu hazifungi.

Washa. Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache baada ya kuwaka kisha unakata ni mipira ya valvu, kazi ndogo. Bluu inayoongezeka ukivuta mafuta ni ringi. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba ni maji tu kwenye ekzosi. Sikiliza juu na chini: mlio wa haraka wa kugongagonga upande wa hedi ni valvu zimelegea au cheni ya taimingi imerefuka, mlio mzito wa kugonga wa chini, unaokuja ukivuta mafuta ghafla, ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Konrodi ni kupasua injini, yaani kuifungua yote. Hapo ama uondoke, ama uchukue kwa bei ya chuma chakavu.

Kwa tu-stroki, moshi mwepesi ni kawaida. Uliza kuhusu pampu ya oili. Wengi huikata na kuchanganya wenyewe kwenye tangi. Kama imekatwa, mwulize anaweka kiasi gani. Anayejua atataja mililita 30 hadi 40 kwa lita moja ya petroli. Anayesema "namwagia tu" amekuambia hali ya pistoni yake.

Umeme: betri ikiwa imetulia isome volti 12.4 au zaidi. Injini ikizunguka wastani na taa zikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13 ni koili ya magneto inayozalisha umeme, au rekitifaya inayoupanga uchaji betri; juu ya 15 rekitifaya imekufa na itachemsha betri. XL 125S za zamani zina umeme wa volti 6, na balbu na betri za volti 6 ni za kutafuta kwa tochi.

Ipandishe mlima

Kuzunguka kijiweni hakukwambii kitu. Kwa Arusha panda nayo kutoka Sanawari kwenda Ilboru ukiwa umebeba mtu. Kwa Moshi ifuate barabara ya Kibosho. Injini ya kabureta inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo iliyochoka inajionyesha hapo. Ukiwa gia ya juu, vuta mafuta: mlio ukipanda na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Gia ya pili ikiruka yenyewe ukiwa na mzigo, meno yake yamelika, na hiyo tena ni kupasua injini. Ukirudi, iache ipoe dakika tano, uiwashe. Inayokataa kuwaka ikiwa ya moto mara nyingi ina koili inayokufa au valvu zilizobana.

Fremu, magurudumu, cheni

Pikipiki ya milimani imebeba magunia na mikungu ya ndizi. Angalia pale kereya inapofungwa, chini ya kiti, na kwenye shina la shokapu za nyuma: rangi iliyopasuka kama uzi, kutu nyembamba, au mkono wa mchomeleaji. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kutoka upande hadi upande; ukikwama kidogo katikati, beringi za usukani zimechimbika. Shika gurudumu la nyuma, lisukume kulia na kushoto. Likicheza pamoja na mkono wa fremu unaolishika, bushi za mkono huo zimekwisha.

Cheni ya 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za daraja hili, hupimwa kwa rula. Ivute ikaze, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 21, yaani hatua 20. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, na ukiibadilisha badilisha na spoketi zote mbili, la sivyo meno ya zamani yatakula cheni mpya.

Sasa kaa chini upige hesabu

Andika kila kasoro na bei yake uliyoiuliza dukani. Tuseme orodha imetoka hivi: cheni na spoketi 45,000, tairi mbili 130,000, seti ya bloku na pistoni 160,000, beringi za usukani 25,000, betri na umeme 90,000, fundi 80,000. Jumla 530,000. Kwa pikipiki ya zaidi ya miaka 15 ongeza moja ya tano kwa yale usiyoyaona, ufike 636,000. Kama pikipiki ndiyo mkate wako, weka na siku itakazokaa gereji: siku 8 kwa pato la 10,000 kwa siku ni 80,000 nyingine. Umefika 716,000, na mwenzako anakuongezea 300,000. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako, lakini usiruke mstari hata mmoja.

Ukiwa huna pikipiki nyingine na unaishi kwa kubeba abiria mjini, tunakushauri ukatae hata hesabu ikilingana. Ya zamani haitakuua kwa gharama moja kubwa. Itakula siku moja hapa, siku mbili pale, ukisubiri spea itoke Dar kwa basi, na watoto wanakula kila siku.

Mkikubaliana

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye namba za chesisi na injini za pikipiki zote mbili, kiasi cha nyongeza, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana: faini au ajali ya jioni hiyo itajulikana ni ya nani. Uhamisho wa umiliki wa TRA ufanyike kwa pikipiki zote mbili siku ileile, kila mmoja akiwa na TIN na kitambulisho cha NIDA. Kuna ada na ushuru wa stempu, na malipo yote yapite kwa kontrol namba, siyo mkononi mwa kishoka. Usimwachie mwenzako pikipiki ambayo kadi yake bado ina jina lako. Ikitumika kupora pochi mjini, mlango utakaogongwa ni wako. Kama unabeba abiria, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na bima viandaliwe kwa pikipiki mpya kwako kabla hujarudi kijiweni.

Wiki ya kwanza iendeshe karibu na nyumbani. Badilisha chujio la hewa na plagi, kaza spoku, pima valvu injini ikiwa baridi (kwa CG ni milimita 0.08 zote mbili), badilisha waya wa klachi na uweke wa akiba chini ya kiti. Ikifika kilomita 300 mwaga oili tena, iangalie kwenye sahani ileile nyeupe.